Laptop ya Karani

Ujumbe wa kampuni ulifika Jumatatu asubuhi, na aliyeusoma ni kompyuta yenyewe, kwa ile sauti yake ya kike isiyojua kupumua. Kuanzia mwezi ujao, ilisema, wanukuzi wote watafanya kazi kwa programu mpya. Ijumaa ya wiki ijayo programu hiyo itajaribiwa kwenye kompyuta ya kila mmoja kwa muda wa saa nzima. Kompyuta ikikwama, mwenye kompyuta ataondolewa kwenye orodha. Kampuni inawatakia kazi njema.

"Hebu rudia," Karani akaiambia, kama anayemwambia shahidi mwenye haraka, akabonyeza vitufe viwili. Ikarudia yote, mpaka kazi njema.

Upande wa pili wa pazia mke wake alisimamisha vidole kwenye kichwa cha mteja. Chumba chao cha mbele kilikuwa kimoja, wamekigawa kwa pazia la maua: huku meza ya Karani na dirisha, kule stuli ya kusukia, kioo cha ukutani na draya ya nywele, ile ya kofia kubwa. Wateja walishazoea kwamba ng'ambo ya pazia kuna mwanamume anayeponda kibodi kutwa nzima, na kwamba ukiacha ujumbe kama huo, hakuna linalosikika zaidi ya hapo, maana kesi zote Karani alizisikiliza kwa hedifoni. Kampuni ilimletea sauti zilizorekodiwa mahakamani, naye akaziandika neno kwa neno. Kisha ile sauti ya kike ilimsomea alichoandika, humo humo masikioni, ili asahihishe. Daktari alikuwa amemwambia ana presha ya macho. "Nayapumzisha tu," alimwambia mke wake siku alipoiweka sauti hiyo, na mke akaona mumewe safari hii kafanya jambo la akili.

"Kwani wamesemaje?" mke akauliza kupitia pazia.

"Wamesema wanamtoa mtu kwenye orodha," akajibu mteja, jirani ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, na hakuitwa hivyo kwa kuwa alipenda muziki.

Mchana Karani alipakua programu mpya, akaiwasha. Kwa dakika tatu mambo yalikwenda. Dakika ya nne ile sauti ya kike ikaanza kigugumizi, fa-fa-fa, ikanyamaza, na kompyuta nzima ikaganda. Akaizima, akaiwasha, akajaribu tena. Ikaganda palepale. Mara ya tatu mke wake aliinua pazia akamkuta amekaa wima, mikono imelala juu ya kibodi.

"Kila moja peke yake inakwenda," alisema. "Nikiziwasha zote mbili, inakufa."

"Sasa si uizime hiyo ya kukusomea?"

Karani aliivuta hedifoni karibu. "Bila hiyo sifanyi kazi," akasema.

Mkewe alidhani ni kiburi cha mtu aliyezoea raha.

*

Fundi wa kompyuta alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye meza chini ya ngazi za jengo la maduka, taa imefungwa kwenye paji la uso kama mchimba madini. Alimsikiliza mke wa Karani bila kuacha kazi yake.

"Inataka ram, mama. Ukiona programu mbili zinagombana hivyo, nafasi ya kufanyia kazi ni ndogo. Ila si kila laptop inakubali kuongezwa. Kuna zinazokubali ram, kuna zinazokubali diski tu, kuna zisizokubali kitu. Geuza chini, kuna karatasi ya aina yake na namba. Nitajie."

Mke wa Karani akahisi uso unamwaka. Karatasi hiyo aliifahamu. Ilikuwa imejikunja pembeni na kushika vumbi, na yeye ni mtu asiyeweza kuona uchafu akapita. Mwaka jana aliisugua kwa brashi na sabuni mpaka plastiki ikang'aa, akajisifu.

"Haipo," alisema. "Ilifutika."

"Ilifutikaje?"

"Ilifutika tu."

Fundi alimtazama, taa ikampiga machoni, kisha akaicheka kidogo hali yenyewe. "Basi ilete niifungue. Skrubu kumi, tunaona kwa macho. Msinunue kitu kabla sijaifungua. Nasema hivyo kwa sababu watu wananunua, halafu wanakuja kunililia hapa."

Aliyabeba maneno hayo hadi nyumbani kama alivyoyapokea, bila kuyapunguza. Karani aliyakataa kabla hajamaliza.

"Kuifungua ni siku nzima. Nina faili la kutuma kila jioni. Nikikosa moja tu, wataniondoa hata kabla ya hiyo Ijumaa." Akavuta kiti. "Na kompyuta inajijua yenyewe. Kuna mahali imeandika ina nini na haina nini. Njoo unisomee, maandishi ya hapo ni madogo sana na sauti inayaruka."

Mke akavuta stuli yake, akakaa. Aliacha shule darasa la nne, na kusoma kwake kulikuwa kwa kidole. Karani akabonyeza vitufe vyake alivyovijua kwa moyo, ukatokea ukurasa wenye grafu ya buluu na orodha ya maneno. Yeye akaweka kidole kwenye kioo.

"Ku-mbu-ku-mbu. Nane."

"Hiyo ndiyo ram. Ina nane. Endelea chini."

"Na-fa-si zi-li-zo-tumika." Akasogeza kidole. "Mbili kati ya mbili."

"Soma tena."

"Nafasi zilizotumika, mbili kati ya mbili."

Karani akapiga meza kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka. "Umeona? Nafasi mbili. Kila moja ina kipande cha nne. Tunang'oa vile viwili, tunaweka vya nane nane, inakuwa kumi na sita. Fundi anataka hela ya kufungua wakati kompyuta imeshasema."

"Lakini alisema tusinunue kabla..."

"Bibie. Imeandikwa."

Karani alikaa mahakamani miaka ishirini na tatu. Kwake yeye, lililoandikwa ndilo lililotokea, na watu waliotoa ahadi za mdomo aliwaona wakishindwa kesi kila wiki. Mke wake angeweza kushikilia. Alikuwa na ulimi, na siku nyingine aliutumia vizuri. Lakini aliikumbuka ile karatasi aliyoisugua, akaona hana uso wa kubishana.

*

Aliyoiuza mke ili ram inunuliwe ni draya. Hakuambiwa aiuze, na Karani alipinga kidogo, kiasi cha mtu anayetaka kusikika amepinga. Mwenye saluni ya mtaa wa pili alikuja na mkokoteni. Aliizungusha kofia, akaichomeka kwenye umeme, akaweka mkono ndani kusikia joto, kisha akasema inanukia nywele za zamani, na kwa harufu hiyo akapunguza bei. Mke wa Karani alikubali. Ilipotoka mlangoni pembe ile ikabaki na alama nne za miguu kwenye sakafu, nyeupe kuliko kwingine, naye akachukua tambara akafuta, ingawa alama za namna hiyo hazifutiki.

Vipuri alivinunua Karani mwenyewe kwa simu, akaletewa na muuzaji mpaka mlangoni. Vipande viwili vyembamba, virefu kama kidole, ndani ya plastiki ngumu. Muuzaji alisema ukishafungua plastiki, mali ni yako. Karani akasema anajua, akaifungua papo hapo kwa mkasi wa kukatia nyuzi, avishike.

Jumatano wakaenda kwa fundi wote wawili, Karani amemshika mkewe bega kwa sababu, alisema, njia ile ina mashimo mengi. Fundi alipoona ram mkononi mwa mzee, alifumba midomo. Akachukua bisibisi. Skrubu kumi, alizipanga mstari kwenye kifuniko cha chupa. Akapitisha kadi pembeni mwa laptop, ikatoa milio midogo midogo, tumbo likafunguka.

Alikaa akiangalia kwa muda. Akaishusha taa ya kichwani, akaangalia tena.

"Mzee," alisema. "Hakuna nafasi."

"Zipo mbili. Imeandikwa."

"Najua imeandikwa. Kompyuta inahesabu hata zile zilizochomelewa. Hapa ram imechomelewa kwenye bodi kiwandani. Ni hizi chipu nne. Hakuna mahali pa kung'oa wala pa kuchomeka."

Akaigeuza laptop imwelekee Karani, na Karani akainamisha kichwa, akaangalia. Ila aliangalia pembeni kidogo, kwenye ukingo wa meza. Fundi akamtazama yeye, akamtazama mkewe, kisha akachukua kidole cha shahada cha yule mzee, akakiweka juu ya chipu ya kwanza. Mke wa Karani aliona huyo fundi ana adabu ya ajabu, kumwelekeza mtu mzima kama anamfundisha kuhesabu.

"Hizi, moja, mbili, tatu, nne. Haziongezwi. Huu mfuko laini ni betri, inabadilika. Hiki ni diski, inabadilika, ingewaka upesi zaidi. Feni inabadilika. Lakini kinachowasumbua nyinyi ni hiki, na hiki hakibadiliki mpaka ubadilishe bodi yote, na bodi yake ni bei ya laptop nyingine."

Kidole cha Karani kilibaki juu ya chipu ya nne. Kikazunguka kingo zake, kikatafuta ufa, kikakuta hakuna.

"Hata ukiichomoa kwa moto?" akauliza.

"Naweza kujaribu. Nikiharibu, hutakuwa hata na hiyo nane."

"Na hizi nilizonunua?"

Fundi akavipokea vile vipande, akavigeuza. "Ni vizuri. Ni vizuri kabisa, kwa laptop nyingine." Akamrudishia. "Niachie namba yako. Akitokea mwenye laptop ya kuvikubali, nitakupigia."

Alikataa malipo ya kufungua. Hilo lilimuuma Karani kuliko yote, na njiani alirudia mara mbili kwamba mtu akikufanyia kazi ni lazima umlipe, kwamba yeye si mtu wa kuhurumiwa, kwamba muuzaji angeweza hata kuuliza ni laptop gani. Walipopita dukani kwa muuzaji huyo, mke aliingia peke yake kuomba wabadilishiwe. Muuzaji hakuacha kutafuna. "Mama, plastiki iko wapi?" akauliza, na wateja wawili waliokuwa wamesimama pale wakageuka kumwangalia anayeulizwa.

*

Alhamisi asubuhi, akichana nywele zake mbele ya kioo, mke alipata wazo, na lilikuwa rahisi kiasi kwamba alijiona mjinga kwa kuchelewa nalo.

"Ulisema kila moja peke yake inakwenda."

"Inakwenda."

"Basi izime hiyo inayokusomea. Nitakusomea mimi."

Karani akavua hedifoni. "Wewe?"

"Kwani huyo wa humo ndani alisoma wapi?"

Karani alitaka kucheka ikashindikana. Alikula kiapo mara mbili, mara ya kwanza mbele ya hakimu na mara ya pili kwenye karatasi za kampuni: hakuna mtu mwingine atakayesikia wala kuona. Alimwambia hivyo mkewe. Mkewe akamjibu kwamba mtu mwingine ni nani, yeye ambaye amemfulia shati kwa miaka thelathini na moja, na kwamba hawakujaaliwa hata mtoto wa kumwambia siri hata kama angetaka kuitoa. Karani akakipima kiapo chake na Ijumaa ya kesho yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Ijumaa ikawa nzito zaidi. Tusimcheke. Kiapo ni rahisi kukishika wakati kazi haijawa mashakani.

Ijumaa jaribio lilianza saa nne. Sauti ilizimwa. Mke alikaa na stuli yake karibu na bega la mumewe, akimsomea kilichotokea kwenye kioo: asilimia kumi, asilimia ishirini na tano. Redio alikuja kusukwa akarudishwa mlangoni. Saa tano kamili akasoma, "Ko-mpyu-ta ya-ko i-me-kubali-wa," na Karani akamshika mkono akaung'ang'ania, mpaka pete ikamminya.

Wiki mbili zilizofuata walikuwa watu wenye raha, na naeleza hivyo kwa sababu nilichobaki nacho hakina raha. Karani alisikiliza na kuandika asubuhi. Mchana mke alimsomea, kidole kwenye kioo, naye akasahihisha. Mwanzo ukurasa mmoja ulichukua saa. Alisoma "mlalamikaji" akavunja neno vipande vitatu, wakacheka. Alijifunza nukta na mkato. Alijifunza kwamba mashahidi husema uongo kwa sentensi ndefu. Usiku mke hakuzizungumzia kesi, hata na Karani mwenyewe. Siku ambazo Redio alikuwa kwenye stuli hawakusoma neno. Kwa Redio walijilinda kama watu wanavyotenga moto na petroli.

Aliyewaponyoka hakuwa Redio. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mteja mpole wa kila mwezi, mtu wa kusalimia na kunyamaza. Alikuja kuoshwa nywele Jumanne. Zamani angekaa ndani ya draya nusu saa, na draya ile ikivuma husikii hata mtu akikuita jina. Sasa ilibidi akae tu kwenye kiti mpaka nywele zikauke kwa hewa, taulo mabegani. Mke wa Karani alipochungulia, mwalimu alikuwa amefumba macho, kichwa kimeegemea ukuta. Faili lilitakiwa jioni. Akaenda ng'ambo ya pazia, akashusha sauti, akasoma.

Ilikuwa kesi ya mama aliyekuwa akidai watoto wake wawili kutoka kwa ndugu wa mume. Alisoma jina la mama. Alisoma majina ya watoto. Alisoma jinsi shemeji wa yule mama alivyoieleza mahakama kwamba mama mwenyewe ana maradhi ya akili, na jinsi mama alivyoomba kunywa maji kwanza ndipo ajibu.

*

Mwalimu alirudi Alhamisi, na hakuja kusukwa. Alisimama mlangoni, mkoba kauweka kifuani.

"Karibu ndani, mwalimu."

"Sikai, dada. Nimekuja kuuliza tu, na unisamehe. Yule mama... watoto alirudishiwa?"

Mke wa Karani hakuelewa kwa nukta moja, kisha akaelewa. Kule ng'ambo kibodi kilikuwa kikienda. Kikasimama.

"Nilikuwa nimefumba macho tu, sikulala," mwalimu akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi kwa kuwa na masikio. "Yule mdogo wao nilimfundisha mwaka jana. Kila akichora mtu, alimchora amebeba begi. Sikujua nyumbani kwao kuna nini."

"Sijui kama alirudishiwa," mke akasema, na ilikuwa kweli. "Hatujafika huko."

Pazia likasogezwa. Karani alisimama hapo, mkono mmoja kwenye ukuta.

"Mwalimu. Ulisikia na majina?"

"Nilisikia, mzee. Sitamwambia mtu yeyote. Wallahi sitasema."

"Najua hutasema," alisema Karani kwa upole. "Ahsante kwa kuja kutuambia."

Alipoondoka, mke alianza kusema yote kwa pamoja: kwamba yule ni mtu mwaminifu, kwamba kosa ni lake yeye aliyedhani mtu kalala, kwamba wangenunua pazia zito, wangesomea chumbani, wangesoma alfajiri kabla ya wateja. Karani alimwacha aseme mpaka akamaliza.

"Yule mama aliomba maji kwanza," akasema. "Alikuwa anaona aibu mbele ya watu kumi. Mimi nimemwongezea wa kumi na moja." Akarudi mezani.

Hakukuwa na ugomvi, na mke angeupenda ugomvi. Alichukua kitana akakisafisha, akachukua kingine. Ng'ambo ya pazia kibodi kilianza tena, pole pole safari hii, kikisimama na kuendelea. Haikuchukua muda. Alasiri jua lilikuwa limefika kwenye miguu ya meza Karani alipomwita.

"Njoo unisomee."

"Hiyo kesi?"

"Barua. Sitaki ile sauti iisome. Nataka uisome wewe."

Akakaa kwenye stuli. Akaweka kidole.

"Kwa msi-ma-mizi wa wanukuzi. Yah, kuacha kazi." Akamgeukia. "Mume wangu."

"Soma."

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mnukuzi wenu kwa mwaka wa sita sasa. Natoa taarifa kwamba naacha kazi kuanzia leo, kwa sababu zifuatazo. Kwanza. Siku ya Jumanne, faili mliloniletea lilisomwa kwa sauti nyumbani kwangu, likasikiwa na mtu asiyehusika. Aliyelisoma ni mke wangu, kwa kuwa nilimwomba." Akatoa kidole kwenye kioo. "Hukuniomba. Nilijitolea mwenyewe."

"Barua ni yangu. Endelea."

"Yeye hana kosa lolote. Mwenye kesi iliyosikiwa anastahili kuambiwa, na naomba mumwambie. Pili." Mstari uliofuata ulianza na neno fupi, akalisoma kwa urahisi. "Macho. Jicho langu la kulia halioni kitu tangu mwaka juzi. La ku-sho-to lilikuwa likiona mwanga wa dirisha, na tangu mwezi wa pili halioni hata huo."

Alisoma mpaka nukta, kama alivyofundishwa. Kisha macho yake yakarudi mwanzo wa mstari yakapita tena bila sauti, akidhani amekosea neno mahali. Hakukosea. Huu ulikuwa mwezi wa tisa.

"Umefika wapi?" Karani akauliza. Alikuwa amekaa wima, viganja juu ya mapaja, uso kaugeuzia alipodhani mkewe yupo.

"Nimefika kwenye macho."

"Endelea."

"Jambo hili sikulisema kwenu kwa kuhofia kazi. Na nyumbani sikulisema, kwa sababu..." Hapo hapakuwa na neno. Palikuwa na nukta tatu, halafu mstari mwingine. "Hapa hukumaliza," akasema.

"Sikupata namna ya kuiandika."

"Niendelee?"

"Endelea, bibie."

"He-di-fo-ni za kampuni nitazirudisha. Naomba radhi kwa usumbufu. Wenu katika kazi." Na chini yake jina lake, jina kamili, ambalo hakuna mtu mtaani aliyelitumia, na ambalo mke mwenyewe mara ya mwisho alilisikia siku ya ndoa. Akalisoma pia.

Nje mtu aliburuta kiti. Karani akaunyosha mkono, ukapapasa hewa kidogo, ukagota kwenye goti la mkewe, ukatulia hapo.

"Kuna kosa?"

Akaipitia barua yote tangu juu. Mikato ilikuwa mahali pake. Kila neno alilolijua lilikuwa limeandikwa vizuri.

"Hakuna kosa."

"Basi itume. Juu kabisa, pembeni, kuna kialama cha bahasha. Ukiguse."

Alikiona. Kilikuwa hapohapo, kidogo, cha buluu, upana wa kidole kutoka kwenye ukingo wa kioo. Alimgeukia mumewe akamtazama usoni, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, wala hakuinua mkono kuyafuta. Miaka thelathini na moja akilia alikuwa akigeukia ukuta.

"Mbona kimya?" Karani akauliza.

"Naitafuta hiyo bahasha," akasema.